Taarifa Isiyoanza na Amani

Shuleni kwetu Garissa, miaka ile ya vita, taarifa za wazazi hazikuandikwa. Karatasi ilikuwa adimu, na hata ingejaa stoo nzima, ni baba yupi angeisoma? Wazazi wetu walikuwa wafugaji na wachuuzi wa mifugo. Kurani waliijua kwa moyo, ngamia wao waliwajua kwa nyayo, lakini maandishi ya serikali waliyakwepa. Basi kila Ijumaa kabla ya sala mwalimu mkuu alitupanga mstari uwanjani, akatamka taarifa, nasi tukairudia mpaka ikakaa. Kisha tukaibeba mdomoni hadi nyumbani, tukiigeuza Kisomali njiani.

Leteni miiba ya kuziba ua. Nyoeni nywele, chawa wamezidi. Mtoto asionekane barabarani baada ya saa ya kutotoka nje, askari hawamuulizi mtu umri. Taarifa zenyewe zilikuwa za namna hiyo.

Mwalimu mkuu alitoka Kenya. Ndivyo tulivyosema, na mpaka leo wapo wanaosema hivyo: ukivuka mto Tana kuelekea Nairobi unakwenda Kenya, utadhani sisi tunaishi Uajemi. Alikuwa Mkristo wa milimani, mrefu, mwenye haraka, na jua letu lilimtesa jamani, shati lilikuwa limelowa kabla ya kengele ya kwanza. Alitupenda, hilo siwezi kumnyima. Ila alikuwa mkaidi, na mimi namjua mkaidi nikimwona kwa sababu kila asubuhi namwona kwenye kioo.

Sasa, kwetu habari ina mpangilio wake. Mgeni akifika anakaribishwa kitako, anapewa chai, kisha anaambiwa: *warran*, toa habari. Naye anaanza na amani. *Nabad*. Baada ya amani anasema mvua imenyesha wapi, malisho yakoje, mifugo ikoje, nani kaoa, nani kafa. Yule anayesikiliza anaitikia "haa" kila sentensi, na hamkatizi. Jambo lenyewe lililomleta linakuja mwisho kabisa. Anayeanza na jambo, bila amani mbele yake, ana maana moja tu: amani haipo.

Sisi watoto tulilijua hilo bila kufundishwa. Kwa hiyo taarifa ya chawa ilifika nyumbani ikiwa imevaa nguo: shuleni ni amani, mvua bado, mwalimu hajambo, mbuzi wake amezaa, na nywele zinyolewe. Kumbe mwalimu akaja kusikia kwamba tunaongeza maneno. Akawaka. "Kuanzia leo msiongeze, msipunguze! Nilivyosema ndivyo mtakavyosema!"

Ijumaa hiyohiyo akatupa taarifa hii: Jumatatu asubuhi kila mwanafunzi aje na baba yake. Kengele ikilia, lango litafungwa. Hatatoka mtu mpaka kazi iishe. Atakayekosa, jina lake litafutwa.

Tukairudia, tukaibeba, na safari hii hatukuivalisha kitu.

Baba yangu alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yetu ya mikeka akikoroga chai. Nikasimama mbele yake nikaitoa kama nilivyoagizwa. Kijiko kikasimama. "Hiyo tu?" akauliza. Nikasema hiyo tu, abo. Akatoka kwenda kwa jirani, na jirani alikuwa njiani anakuja kwetu. Kila nyumba ilikuwa imepokea maneno yaleyale, makavu, kwa watoto waliosimama wima. Watu walikwisha kusikia maneno ya aina hiyo yakitoka kwenye kipaza sauti cha gari la jeshi. Kusanyikeni. Hatatoka mtu.

Ndugu wa baba, aliyemfuata mgongo, alikuwa ameitwa mkutano wa namna hiyo kisimani mwaka uliotangulia. Seng'enge ikafungwa, wakatafutwa mashifta, wale waasi wa porini, na mpaka siku hiyo hakuna aliyetuambia yuko jela au yuko chini ya mchanga.

Jioni baba akatoa uamuzi. Shangazi yangu alikuwa anaondoka Jumapili na ngamia kuelekea Hulugho. Nami ningekwenda naye. Hoyo, mama yangu, akanifungia nguo zangu kwenye shuka bila kuniangalia. Nilikuwa msichana mmoja kati ya wachache mno darasani, nilikuwa nimeanza kusoma habari ndefu bila kufuata kwa kidole, na nilijua wazi kuwa aliyetumwa kwenye ngamia harudishwi dawatini. Nililia kwa hasira. Si huzuni, hasira! Nilitaka kumng'ata mtu.

Mtu mwenyewe nilimpata kesho yake. Mama aliuza maziwa, na mimi ndiye niliyepeleka chupa nyumbani kwa mwalimu mkuu kila asubuhi. Nikamkabidhi chupa, kisha maneno yakanitoka. "Mwalimu, umeniharibia. Natumwa porini kwa sababu yako."

"Sababu yangu mimi? Nimefanya nini?"

"Umetuma habari bila amani! Watu wanafunga mizigo, wanasema Jumatatu ni msako."

Akashika paji la uso. "Msako gani? Ni chanjo ya ndui! Mganga wa hospitali anakuja na msafara wa jeshi, na msafara unarudi mchana huohuo. Mwaka jana mliposikia neno sindano mlipenya kwenye ua mkashinda mtoni. Ndiyo maana nikanyamaza, ndiyo maana nawataka baba zenu wawashike, ndiyo maana nafunga lango."

"Basi njoo useme wewe," nikamwambia. "Na ukija, usiwe na haraka."

Alikuja alasiri, bila kofia, jasho linamtiririka. Nilijibanza nyuma ya mkeka nikachungulia. Baba alimkaribisha kitako, akampa chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, kilichogeuza kila p kuwa b: "Haya, mwalimu. Leta habari."

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya Jumatatu—"

Baba akainua kiganja. "Huko hatujafika."

Mwalimu akanywa chai. Nikamwombea Mungu wangu na wake. Halafu akaanza upya, polepole. Akasema ametoka shuleni, na shuleni ni amani. "Haa," baba akaitika. Kwao mvua imenyesha kupita kiasi, mahindi yanaoza shambani. "Haa." Ana ng'ombe wawili, mmoja ameugua miguu. Baba akauliza ugonjwa gani, wakauzungumza ule mguu kwa muda mrefu hadi mama akacheka jikoni. Kisha mwalimu akasema mama yake mzazi ni mgonjwa na hajaruhusiwa kwenda kumwona, kwa maana barabara ina mabomu. Ana mtoto mchanga ambaye hajawahi kumbeba. "Haa," baba akasema, taratibu zaidi.

Ndipo wakafika kwenye jambo. Mwalimu akaeleza sindano, mganga, msafara, yote.

"Na lango?" baba akauliza.

"Nitalifunga. Watoto watakimbia."

"Ndugu yangu aliingia balibofungwa. Mbaka leo sijui yuko wabi."

Mwalimu akaweka kikombe chini. "Mzee," akasema, "ya askari siwezi kukuahidi. Naweza kukuahidi yangu. Ufunguo utakuwa mfukoni mwangu, na mimi nitakuwa ndani pamoja nanyi."

Baba akamsindikiza hadi njiani. Hakusema ndiyo, hakusema la.

Jumapili ngamia wa shangazi wakapigishwa magoti, wakapakiwa, na furushi langu likafungwa juu ya mmoja wao. Nilisimama pale kama kuni. Shangazi alipokuwa anawainua, baba akaja, akakata kamba, akalishusha furushi langu chini, akaondoka. Shangazi akamtazama mama, mama akatazama mbingu. Familia nyingine ziliondoka naye mchana ule, na baadhi ya wenzangu wa darasani sijawaona tena tangu hapo.

Jumatatu alfajiri baada ya sala nilimsikia baba anaoga. Alivaa kanzu yake nyeupe ya Idi na viatu vya ngozi. Nikadhani anataka kupendeza mbele ya mganga, nikafurahi, mjinga mimi. Kisha akamwita mama, nikamsikia anasema: "Nimekukosea mara nyingi katika maisha yetu. Nisamehe."

Kwetu mtu huomba msamaha hivyo anapokwenda Makka, au anapokaribia kufa.

"Nimekusamehe," mama akasema, na sauti yake haikuwa yake. "Na wewe nisamehe."

Hapo nikaelewa. Baba hakuwa amemwamini mwalimu vya kutosha. Alikuwa ameamini nusu, na nusu ile iliyobaki alikuwa anaingia nayo langoni ili jina langu lisifutwe.

Uwanjani wanafunzi tulikuwa wachache, mababa wachache zaidi, na malori ya jeshi yameegeshwa nje ya ua wa miiba. Kengele ikalia. Mwalimu akafunga lango, akatia ufunguo mfukoni, watu wote wakimtazama ule mfuko. Baba akanishika mkono. Hakuwahi kunishika mkono mbele za watu, na kiganja chake kilikuwa baridi. Mganga alipouliza nani aanze, watoto wakarudi nyuma, na baba akapandisha mkono wa kanzu akaenda yeye. Nikamfuata.

Kazi ilipoisha lango likafunguliwa, malori yakaondoka, hakuna aliyechukuliwa. Baba akaniambia niingie darasani, akaenda zake.

Nilirudi nyumbani adhuhuri nikimwita kwa sauti. Mama akaniwekea kidole mdomoni. Baba alikuwa amelala chali mkekani, mchana kweupe, na kanzu ya Idi na viatu miguuni, na mama amekaa kando yake anampungia nzi kwa ncha ya ushungi wake.

"Mwache," akaninong'oneza. "Hajafumba jicho tangu Ijumaa."

Nikapiga magoti nikamvua viatu, polepole, kwa mkono mmoja, maana ule mwingine ulikuwa umevimba na unauma.