Likizo ya Mtu Asiyekula Ngano

Niliondoka Machakos asubuhi ya Jumatano bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa na mfuko mmoja wa mgongoni, pasipoti ambayo haijawahi kugongwa muhuri, mayai sita ya kuchemsha na ndizi mbivu. Dada yangu alikuwa nyuma ya nyumba akimwagilia mboga za sukuma wiki. Nilipita kando ya ua, nikafungua lango polepole. Kama alinisikia, hakugeuka.

Wakati huo nilikuwa na miaka arobaini na moja, na kuondoka kwangu hakukuwa habari kwa mtu yeyote. Niliacha shule darasa la saba. Karo ilikuwa sababu moja, lakini sababu kubwa ni kwamba barabara ilipita karibu mno na dirisha la darasa letu. Nimechunga ng'ombe wa watu kule Konza, nimeuza mitumba Tala, nimechimba mabwawa Katangi mpaka viganja vikawa kama nyayo. Kila nilipofika nilitaka kujua watu wa hapo wanakula nini, na chochote walichonipa nilikula. Nilikula panya wa shambani, nikala maziwa yaliyolala kwenye kibuyu wiki nzima. Halafu ngano, kitu cha kawaida kabisa, ndiyo ikanishinda.

Kabla ya kujua ni ngano, nilikonda miaka mitatu. Majirani walinihesabia magonjwa. Wa kwanza walisema ni ule ugonjwa wa kukonda, wakaacha kunipa mkono. Waliofuata walisema nimerogwa kwa sababu ya mwanamke wa Katangi, ambaye masikini hata hakunipenda. Mwishowe daktari mmoja Nairobi alinipima damu, akaniambia kuna kitu ndani ya ngano kinaitwa gluteni, na kwamba utumbo wangu unapigana nacho kama adui. Hakuna dawa, akasema. Usile chapati, usile mkate, usile mandazi, usile chochote kilichoguswa na unga huo, maisha yako yote.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Nilidhani kujua jina la kitu ndio mwisho wa shida.

Kanisani niliacha kupanga foleni ya komunyo, kwa kuwa hata ile hostia ni ngano. Padri alinielewa, lakini padri ni mmoja. Waumini walitazama nani anasimama na nani anabaki kwenye benchi, na kwa miezi michache tu walikuwa wameshanipatia dhambi, tena kubwa. Dada yangu ndiye aliyeumia zaidi. Yeye ni mtu wa chama cha akina mama, anafua vitambaa vya altare. Pia ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Nimekula mkononi mwake tangu nikiwa na miaka sita.

Jumapili kabla sijaondoka, alipokea wageni: wazazi wa kijana anayetaka kumwoa binti yake. Walipikiwa wali, kuku na chapati. Mimi nilitengewa ugali wa wimbi kwenye sahani iliyofunikwa. Nilikula, nikaongeza, nikamshukuru mbele ya watu. Hapo akasimama, mikono kiunoni, akiwa bado na gauni la misa.

"Hebu ngojeni niwaambie kitu," akasema. "Huyu mwana wa mwaitu, mama yetu mmoja, miaka minne anatusumbua na maneno ya ngano. Hiyo ugali amemaliza sasa hivi, niko nimechanganya na unga ya chapati. Nusu kwa nusu. Mwangalieni. Amekufa?"

Wageni walicheka. Baba wa kijana alijifuta mdomo akasema, "Hiyo ni ugonjwa ya wazungu. Hao hata maziwa inawakataa."

"Aiya! Kumbe tumefuga mzungu," akasema mkewe, na wakacheka upya.

Hata mimi nilitabasamu. Jambo hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba nilitabasamu ili wageni wa dada yangu wasione vibaya.

Ngano hainiangushi mezani. Husubiri. Ilisubiri mpaka wageni walipofika lango, kisha nikalala siku mbili, nikiinuka tu kwenda chooni na kurudi nimeshika ukuta. Jumatatu adhuhuri dada aliniletea uji.

"Kunywa. Ni mahindi peke yake."

"Umeweka nini?"

"Si nimekwambia ni mahindi."

Nilikitazama kikombe mpaka uji ukafanya ngozi juu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akalia kidogo, akakasirika kidogo.

"Mimi ndio nilikulea. Ningetaka kukuua si ningekuua zamani? Nilitaka tu ujionee mwenyewe ni mawazo."

"Na umeona?"

"Nimeona ulikula ukiogopa wageni, ukajitia presha."

Hapo nilijua hakuna neno duniani litakalomfikia. Wala hakuwa na chuki. Angekuwa na chuki ningejua pa kujikinga. Alikuwa na uhakika, na mtu mwenye uhakika hupika hivyo hivyo akikuombea. Tangu siku hiyo sikuweza kumeza chakula kilichopikwa na mkono wa mwingine. Hata viazi vya jirani vilinikwama kooni. Ndiyo maana Jumatano niliondoka. Nilijiambia ninakwenda likizo, kama watu. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua kama, mahali ambapo hakuna anayenijua, ningeweza bado kukaa mbele ya chakula cha mtu na kula.

Kwenye kituo cha mafuta nilimkuta dereva wa lori niliyejuana naye Tala, nilipokuwa nikishusha saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa akipiga magurudumu teke moja moja.

"Niaje, mzee. Unaenda wapi na huo mzigo?"

"Wewe unaenda wapi?"

"Arusha. Nafuata mahindi."

"Basi hata mimi naenda Arusha."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kuna watu na kuna nzige. Panda."

Tulipita Konza, tukashika njia ya Kajiado, lori tupu likiruka kama debe. Nilimweleza ugonjwa wangu kwa sababu aliniuliza mbona nimekonda. Alisikiliza bila kunikatiza, nikaanza kumpenda. Kajiado alisimamisha gari mbele ya hoteli moja ya mabati, akaagiza chai, maharagwe na chapati mbili. Maharagwe yangu yalikuja na chapati imelazwa juu yake. Nikasema siwezi. Yule mhudumu akainyanyua chapati kwa vidole viwili, akairudisha jikoni, akanisukumia bakuli lile lile.

"Haya, nimekutolea."

Vipande vyeupe vya chapati vilielea kwenye mchuzi. Nikaomba chipsi. Lakini udadisi wangu haujawahi kunipa raha, nikainuka kwenda kuchungulia karai la mama mpishi. Viazi na mandazi vilikuwa vikiogelea pamoja kwenye mafuta yaliyokuwa meusi kama chai ya msibani.

"Mama, hakuna mafuta mengine?"

"Mafuta ni mafuta," akasema bila kuinua macho. "Viazi haiwezi geuka mandazi."

Nilikunywa chai ya rangi, nikamenya yai langu. Dereva alinitazama akitafuna.

"Sasa ukifika mbinguni ukute karamu yote ni mkate?"

"Nitaomba wali."

"Na wakisema imeisha?"

"Nitarudi Ukambani."

Tulicheka wote wawili, lakini yeye hakuishia hapo. Alipangusa bakuli kwa kipande cha mwisho cha chapati, akasema, "Usikasirike, mzee. Lakini wewe unajibeba kama tajiri. Maskini hana ugonjwa ya kuchagua. Maskini anakula, anaumwa, anaenda kazi."

Ndivyo nilivyoishi miaka yote ile mitatu. Nilikula, nikaumwa, nikaenda kazi, na kama si yule daktari ningekuwa nimezikwa nikiwa maskini mwema asiyechagua. Kuanzia pale tulizungumza habari za magurudumu tu.

Namanga, mpakani, afisa alifungua pasipoti yangu, akapindua kurasa zote tupu.

"Sababu ya safari?"

"Likizo."

Aliinama kidogo, akatazama viatu vyangu. "Likizo ya kutoka kazi gani?"

Nikasema kazi za mkono. Alitafakari jibu hilo kama mtu anayepima nyama, kisha akagonga muhuri. Sikuwahi kupata muhuri kabla ya hapo. Kwa dakika chache, nikivuka na kuona mlima Longido umesimama peke yake kule mbele, nilijisikia mtu aliyesafiri.

Tulifika Arusha jua likianza kulegea. Dereva alinishusha karibu na maghala ya mahindi, akasema, "Ukishindwa na njaa, narudi keshokutwa." Mwanamke wa kuuza vocha alinielekeza nyumba yenye vyumba vya kupangisha, geti la buluu, nyuma ya migomba. Mwenye nyumba alikuwa mama wa miaka kama sitini, mwenyeji wa Kilimanjaro, kitenge kimefungwa vizuri.

"Sasa, mama," nikasema, kama ninavyosema kwetu.

Alinitazama, akingoja. Nikakumbuka niko wapi. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe Mkenya," akasema, na uso wake ukafunguka. "Pole na safari. Kaa kwanza."

Nikauliza bei ya chumba. Akapunga mkono. "Kwetu bei haisemwi na tumbo tupu. Kaa." Akaleta bakuli la mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, mvuke ukipanda. Nilikuwa sijala chakula cha moto tangu Jumapili.

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, kama mtu anayeomba msamaha. Yeye hakucheka. Hakusema ni mawazo, wala hakuwataja wazungu. Alisema, "Mwili haubishani. Mdogo wangu dagaa humvimbisha uso mzima." Kisha akanihesabia kwa vidole: "Hapa kuna ndizi, nyama, kitunguu, maziwa na chumvi. Basi."

Miaka minne nilikuwa nikimtafuta mtu wa kunijibu hivyo. Nilishika kijiko.

Mkono haukwenda. Macho yangu yalikuwa yamekwisha kufika kwenye rafu iliyo nyuma yake, ambako pakiti ya unga wa ngano ilisimama imekunjwa mdomo, karibu na mwiko. Huenda ilifunguliwa jana. Huenda mwiko ule ulioshwa. Aliona ninavyosita, akafikiri anajua sababu yake.

"Nimesahau adabu," akasema. Akachukua kijiko changu, akachota katikati ya bakuli, akala, akameza mbele yangu bila kuniondolea macho. "Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni ajue hakuna ubaya. Sasa kula, kaka."

Ni desturi nzuri. Wazee wetu nao walionja pombe kabla ya kumpa mgeni kibuyu. Lakini wale waliobuni desturi hiyo walifikiria sumu inayoua watu wote sawa. Angeweza kumaliza bakuli zima mbele yangu, na mimi nisijue zaidi ya nilivyojua kabla hajalishika.

"Nimeshiba, mama," nikasema.

"Hujashiba. Midomo imekauka."

"Nitakula baadaye."

"Umeniambia ngano, nimekujibu ngano hakuna. Nimeonja mbele yako." Sauti yake haikupanda. "Sasa unanidhania nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba simdhanii lolote, kwamba kuna mwanamke Machakos anayenipenda kuliko yeye na ndiye aliyeniharibia mkono. Ila ningesema hayo kwa mtu niliyemfahamu kwa nusu saa, na bado nisile. Nikainamisha kichwa.

Alichukua bakuli. Hakuumwaga mtori, aliurudisha sufuriani polepole, akafunika. Kisha akaniambia bei, akapokea, akanionyesha chumba cha mwisho upande wa migomba: kitanda, chandarua, kiti kimoja. Alinieleza choo kiko wapi, maji hukatika saa ngapi, na kwamba jiko la mkaa ninaweza kulitumia mwenyewe wakiwa wamemaliza wengine.

"Mgeni," akasema akiwa mlangoni, si kaka tena wala mwanangu, "geti linafungwa saa nne."