Kengele Zilizobaki Katika Saa ya Baba

Enzi zetu hapa Gisenyi, saa haikukaa mfukoni ikiimba nyimbo. Ilikaa ukutani ikatawala nyumba nzima, na ukiichelewa ulikiona cha moto. Ya kwetu ilikuwa ya shaba, ya mviringo, nzito kama jiwe la kusagia, na ilitoka kwenye meli ya zamani ambayo baba alifanya kazi katika chumba chake cha mashine. Meli ile ilipozeeka na kukatwa vyuma, kila mfanyakazi aliondoka na chochote alichopewa. Wenzake walichukua mabati. Baba alirudi nyumbani amekumbatia saa, na mama, ambaye paa lake lilikuwa linavuja, hakumsemesha mpaka kesho yake.

Saa yenyewe ilikuwa na wazimu wake. Haikuhesabu saa kama za watu, ilihesabu zamu za mabaharia: kila nusu saa iliongeza kengele moja, ikizipiga mbilimbili, mpaka zinafika nane, kisha inaanza upya. Basi adhuhuri nyumbani kwetu ilikuwa na majina matatu. Kwa mama ilikuwa saa sita, kwa mwalimu wa Kifaransa ilikuwa midi, na kwa saa ya baba ilikuwa nane. Siku mwalimu aliponiuliza darasani tunakula chakula cha mchana saa ngapi, nilijibu kwa sauti kubwa, "Nane!" Nilichapwa. Baba aliposikia alicheka hadi akashika mlango. "We uko mutoto wa meli," aliniambia. "Ku meli hatuangalie jua, tunasikia kengele."

Lakini kengele nane tulizozipenda ni zile za saa kumi jioni. Wakati huo baba alikuwa fundi mashine wa boti ya mbao iliyopeleka mizigo Kibuye, na siku za kurudi ilifika saa hizo. Ungetukuta tumetoka shule, tunacheza karere, ule mpira wa majani ya migomba uliokuwa ukifumuka kila anayejifanya hodari akiupiga, au tunashindana kurusha vijiwe vikidunda juu ya maji. La mgambo likilia kuna jambo. La kwetu likilia nane, baba amekaribia. Tuliacha mpira ulipo, tukakimbia ufukweni. Alishuka akinuka mazuti ya injini, begani amebeba maparachichi, na nyumbani mama alikuwa ameshakaanga sambaza, wale visamaki wa ziwani, na kuivisha viazi vya Mudende, vile vinavyopasuka vyenyewe sufuriani. Watoto wa leo ukiwaambia saa ilitiwa ufunguo, wanauliza chaja yake iko wapi.

Halafu siku moja upepo ulishuka ziwani mchana, na boti haikurudi. Wavuvi waliingia na mitumbwi yao kutafuta. Sisi watoto tulipelekwa kwa jirani, nyumba yetu ikajaa watu wa kilio. Waliotafuta walirudi na ubao mmoja na bidoni tupu la mafuta. Tulipoletwa nyumbani, saa ilikuwa bado inatembea, tiki, tiki, lakini haigongi. Mama alituambia, "Kengele yake imekufa." Tuliamini. Mwaka ule mambo mengi yalikuwa yamekufa, nani angeuliza habari za kengele?

Kwetu mtu akizikwa, watu hurudi nyumbani wakanawa mikono kwenye beseni, wakanywa kidogo, na kilio kikaanza kumalizika. Baba hakuzikwa. Beseni halikuletwa. Watu walipungua mmoja mmoja, kila mtu akarudi kwenye shamba lake na duka lake, na kilio cha nyumba yetu kikabaki palepale, bila siku ya kukimaliza. Tulikua ndani yake. Baadaye saa nayo ikasimama kabisa, hakuna aliyejisumbua. Lakini mama, kila ilipokaribia saa kumi, aligeuza uso kuelekea mlangoni. Mimi nilidhani ni mazoea ya mwili tu, kama mtu anavyokuna goti.

Sasa mama ni mzee sana. Macho yameondoka, masikio yamebaki, na padri amekwisha kuja kumpaka mafuta. Mwaka huu alianza kuniuliza kila jioni, "Imeshagonga?" Niliumia. Nikasema moyoni, hatakwenda kabla ya kuisikia tena saa ya mume wake. Nikamwita Deo, fundi aliyekulia Goma, ambaye ana meza karibu na soko. Zamani alikuwa wa saa tu, siku hizi anakula kwa kubadilisha vioo vya simu. Alifurahi mno kuiona. Aliilaza mezani, mama akiwa kwenye kiti chake pembeni, akafungua mgongo wake, akaweka kioo chake jichoni, akachungulia.

"Maman," akaniambia mimi, maana kwao kila mwanamke mtu mzima ni Maman, "iyi saa haiko mugonjwa. Iko imefungwa."

Niliinama. Kinyundo cha kengele kilikuwa kimevutwa nyuma na kufungwa kwa kipande cha kitenge, fundo juu ya fundo. Rangi ilikuwa imefifia, lakini niliwatambua ndege wa njano. Lilikuwa vazi la mama la siku zile za kilio.

Deo hakujua habari hizo, akaendelea kunieleza kazi yake. Kamani, ile springi inayovuta kengele, ilikuwa bado imejikaza, kwa sababu saa ilikamatwa katikati ya kugonga. Kabla ya kuosha magurudumu, ni lazima nguvu ile itoke. "Naweza kuishusha na ufunguo polepole, bila kelele. Ao tunafungua kinyundo, inamaliza yenye ilibakisha."

"Ni mi niliifunga," mama akasema.

Tukamgeukia wote wawili.

"Watu walitoka ku ziwa bila baba yenu. Bado wanasimama pale ku mulango, nayo ikaanza kugonga zile nane, sawa vile anakuja. Ilifika ine. Nikapanda ku kiti, nikaikamata. Nikaiambia, utamaliza siku atafika."

Nilipandwa na hasira, sitaficha. Miaka yote hiyo alituambia imekufa, kumbe aliifanya imngoje baba, na sisi tukangoja nayo bila kujua. Kisha nikatazama vile vidole vyake vikavu vilivyowahi kukaza fundo lile, hasira ikaniishia. Nikamwambia Deo aishushe kwa ufunguo, taratibu, mama asisikie kitu.

"Hapana," mama akasema. "Acha imalize. Nimechoka kumungojea."

Deo alitia tone la mafuta, akakata kitambaa. Hakuna kilichotokea. Akasukuma gurudumu kidogo kwa kidole. Saa ilikwaruza, ikatetemeka, halafu ikagonga mbili. Ikapumzika. Ikagonga mbili tena, kwa sauti yenye kutu, zikatimia zile nane.

Mama alinyoosha mikono yote miwili mbele yake. "Leta maji, mwana wangu."

Nilileta beseni. Nilimmiminia, akanawa mpaka kwenye viwiko, akajifuta kwa kile kipande cha kitenge. Nikanawa mimi. Deo naye, bila kuambiwa, akaweka chini bisibisi yake akanawa, maana kwetu aliyekuwepo kwenye maziko hunawa. Nilikuwa nimemwita fundi ili mama ampate baba tena japo kwa sauti. Kumbe nilimwita tumzike.

Saa imerudi ukutani, inagonga vizuri. Enzi zetu kengele nane za saa kumi zilimwaga watoto wa mtaa mzima njiani, vumbi mpaka ufukweni. Leo zikilia, wajukuu hawainui hata macho kwenye simu zao, na mmoja amewahi kuniomba niipunguze sauti. Mama naye hageuki tena. Anaendelea kukaa na uso wake kwenye ukuta, mikono mapajani, haulizi kitu. Sasa anayegeuka mlangoni ni mimi.