Mkutubi Aliyetangaza Maktaba Msibani

Habari ilinikuta Bunda, sokoni, nikibishana na muuza nyanya aliyepanga nzuri juu na mbovu chini kama kawaida yake. Simu ikaita. Alikuwa mdogo wangu wa mwisho, analia na kucheka kwa pamoja, hata nikadhani mtandao ndio unasumbua. "Dada, mkutubi wetu amefariki," akasema. "Yule wa chuoni?" "Yule yule. Wanamzika kwao Butiama, Jumamosi." Nikamwachia muuza nyanya nyanya zake zote, nikakaa juu ya gunia la mtu nisiyemjua. Mwenye gunia alinitazama usoni, akanisogezea nafasi. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba safu hii hailii ovyo. Leo pia sitalia sana, kwa sababu marehemu huyu alinichekesha kuliko mtu yeyote niliyemfahamu Musoma, na sehemu kubwa ya vichekesho hivyo aliifanya bila kukusudia.

Alikuwa msimamizi wa maktaba ya chuo kimoja hapa mjini. Mungu alimpa sauti ya kufukuzia ng'ombe shambani, kisha akampa kazi ya kunyamazisha watu. Alipomwambia mwanafunzi mmoja apunguze kelele, chumba kizima kiliruka. Nilimfahamu kupitia mdogo wangu. Wazazi wetu walituacha nikiwa bado sekondari, nikaacha shule nikabaki na wadogo zangu na karai la kukaangia samaki pale mtaani Kitaji. Huyu wa mwisho alipopata nafasi chuoni, nyumbani tulikuwa na meza moja tu, na juu ya meza hiyo alilala sangara, unga na mafuta. Kazi zake za chuo zilifika kwa walimu zikinukia kitoweo. Kwa hiyo maktaba kwetu haikuwa pambo la chuo. Ilikuwa meza kavu.

Siku moja mdogo wangu akarudi uso umemshuka. Mkuu wa chuo alikuwa amesema chumba cha kusomea kinakaa kitupu, kwamba siku hizi wanafunzi wanamaliza kila kitu kwenye simu, na kwamba wageni wa bodi wakija wakikikuta vile, vitabu vitapelekwa stoo na chumba kitakuwa ukumbi wa kukodisha kwa harusi na kipaimara. "Nitasomea wapi, dada?" akaniuliza. Mimi nilikuwa na karai tu. Mkutubi yeye alikuwa na mdomo.

Tuseme ukweli, maktaba ile ilikuwa imejificha. Ratiba ya kufungua ilibandikwa upande wa ndani wa mlango, ikabidi mtu awe ameshaingia ndipo ajue anaruhusiwa kuingia saa ngapi. Mkutubi akaihamishia nje. Mbuzi wa jirani akaila. Akaandika nyingine akaipandisha juu, mahali ambapo mbuzi hafiki, na macho ya watu pia hayafiki. Akaona bora awafuate watu waliko. Na watu wa mji huu wako wapi? Wako kwenye makundi ya WhatsApp ya kamati za harusi. Akajiunga na kila kamati iliyomkubali, na nyingine ambazo hakujua hata bwana harusi ni nani. Alfajiri wanakamati wanaamka, wanafungua simu wakitegemea taarifa ya ng'ombe na keki, wanakuta: "Habari za asubuhi wanakamati. Wakati tukisubiri ahadi zenu, karibuni maktaba. Somo letu la leo ni minyoo ya mbuzi na kondoo." Mama mmoja wa bibi harusi aliandika kwa herufi kubwa, "MTOENI HUYU!" Mweka hazina akajibu kwa unyonge, "Mama, hatuwezi. Ndiye pekee aliyemaliza mchango."

Harusi hazikumletea msomaji hata mmoja. Ndipo akahamia misibani. Mtaani Kamunyonge alifariki bibi mmoja aliyependwa na watu, na mazishi yakajaa. Tulipomaliza kuzika, msemaji wa familia akauliza kama kuna tangazo lolote. Mkutubi akasimama na ile sauti yake, wala hakuhitaji kipaza sauti. "Ndugu waombolezaji, poleni sana. Alhamisi, tangu asubuhi, nyote mnakaribishwa pale chuoni, jengo la nyuma. Viti vipo, kivuli kipo, maji ya kunywa yapo. Njooni na wazee. Hakuna kiingilio." Alikuwa amejifunza kwamba ukianza na vitabu watu wanakumbuka kazi walizoacha nyumbani, kwa hiyo vitabu aliviacha mwisho. Alipofika huko mwisho, akina mama walikuwa wameshanyanyuka kuwahi vyombo na wazee walikuwa wanatafutana viatu. Na wewe msomaji wa mkoa huu wa Mara unajua mambo yetu. Siku na mahali vikitajwa pale kaburini, hiyo imeshakuwa sehemu ya msiba. Mtu haulizi kwa nini. Anauliza abebe nini.

Alhamisi hiyo nilikuwa chuoni kumpelekea mdogo wangu chakula. Nikaona akina mama wa Kamunyonge wanakata kona na sufuria kichwani, wengine na kuni, wengine na unga, na nyuma yao wanaume wanavuta mbuzi. Mbuzi akafungwa kwenye nguzo ya kibao cha chuo. Mkutubi akatoka mlangoni na suti yake, kwa maana asubuhi hiyo hiyo ndiyo wageni wa bodi walikuwa wanategemewa.

"Mama, shikamoo," akamwamkia aliyetangulia. "Hizi sufuria ni za nini?"

"Marahaba. Za nini tena? Si ulitangaza mwenyewe? Jiko liko wapi?"

"Hakuna jiko, mama. Hapa ni maktaba."

"Umeita watu wote hawa halafu hakuna jiko? Kwenu huko Butiama mnazikanaga vipi?"

"Mwache," mzee mmoja akamtetea. "Kijana ana majonzi."

Getini gari la wageni likapiga honi. Mkutubi akatazama gari, akatazama sufuria, akamtazama mbuzi. Mdogo wangu alikuwa amesimama dirishani, ameshika kalamu kama mtu anayesubiri hukumu. Mkutubi akavuta pumzi. "Karibuni ndani," akasema. "Vyombo tuviache nje. Humu tunakaaga kimya."

Jamani, hakuna watu wanaojua kukaa kimya kama watu walio msibani. Walijaza viti vyote, waliokosa wakanyoosha miguu sakafuni na khanga zao. Mkutubi akapita akimpa kila mmoja kitabu ili mikono isikae bure, nao wakapokea kwa mikono miwili bila kuuliza, kama mtu anavyopokea chochote msibani. Wageni wakaingia. Mkuu wa chuo, aliyekuwa amewaandaa kwa habari ya chumba kitupu, akabaki mdomo wazi. Mwenyekiti wa bodi, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, akamwinamia yule mzee na kunong'ona.

"Mzee, unasoma nini?"

"Sisomi. Nangojea."

"Unangojea nini?"

"Chakula."

Mkuu wa chuo akakohoa. Nami nikadhani mambo yameishia hapo, na mdogo wangu anarudi kwenye meza ya sangara. Ghafla bibi mmoja pale sakafuni akapiga kelele. "Huyu hapa! Huyu ndiye aliyemaliza mihogo yangu!" Kidole chake kilikuwa juu ya picha ya jani la muhogo lililojikunja, lenye mabaka ya njano. Akatazama huku na huku akamwona mwenyekiti. "Wewe mwenye miwani, hebu nisomee. Hapa wanasemaje?"

Mwenyekiti hakuwa na namna. Akaketi, akasoma. "Ugonjwa huu unaitwa batobato. Mkulima ang'oe mimea iliyoathirika na kuiteketeza."

"Yote?"

"Iliyoathirika yote, bibi."

"Huyo aliyeandika ana mihogo?"

"Sijui, bibi."

"Hana. Endelea."

Akaendelea. Watu wakaanza kusogea na viti, kimya kikavunjika, kila mtu akawa na muhogo wake wa kuulizia. Kitabu kikasema wapande vipando safi, bibi akataka kujua vinapatikana wapi, kitabu hakikujua. Mkutubi akakimbilia kompyuta, akafungua, akatafuta, akasoma kwa ile sauti ya ng'ombe jina la kituo cha kilimo na njia ya kukifikia. Bibi akamgeukia taratibu.

"Habari hii ulikuwa nayo siku zote?"

"Nilikuwa nayo, bibi."

"Ukakaa nayo tu?"

"Nilibandika tangazo, bibi. Mlangoni."

"Mimi napitaga mlango huo nikienda wapi?"

Mtu wa suti akaugeukia mlango wake, akautazama kama anauona mara ya kwanza. Mkuu wa chuo akaitumia nafasi hiyo kuuliza hawa hasa ni wanafunzi wa mwaka gani. Mkutubi angeweza kudanganya, na nadhani wengine wetu tungemsaidia. Hakudanganya. "Hawa ni majirani, Mkuu. Nilitangaza maktaba msibani. Wao wamekuja kumalizia msiba." Nje mbuzi akalia. Kisha mwenyekiti akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani na kujifuta macho. Alipopata sauti akasema, "Wenye harusi watafute ukumbi pengine. Chumba hiki kibaki. Lakini huyu bibi akirudi na muhogo wake, asikute mlango umefungwa eti kwa kuwa si mwanafunzi." Mdogo wangu pale dirishani akaangusha kalamu. Akina mama nao wakakataa kurudi na unga mbichi, wakapika ugali na nyama ya yule mbuzi nyuma ya jengo. Harufu ya nyama ikafanya kile ambacho matangazo yote yalishindwa: wanafunzi wakatoka mabwenini wenyewe wakiuliza maktaba iko wapi.

Wengine walikula wakaondoka. Wengine walibaki, wakashangaa kuambiwa kwamba zile makala wanazokwama nazo kwenye simu, zinazowadai malipo kila wakigusa, chuo kilishazilipia na zinafunguka pale pale bure. Walikuwa wanasoma chuoni hapo muda wote huo bila kulijua hilo. Nimetembea ofisi nyingi tangu hapo, za maji, za ardhi, za afya, na kila mahali nakuta huduma nzuri imekaa ndani inasubiri kutafutwa, na nje wamesimama watu wanaoihitaji, wanadhani ni ya wenzao. Aliye ndani anasema wananchi hawapendi kujua. Aliye nje anasema hapa si pa watu kama sisi. Kati yao kuna karatasi mlangoni, na kila mmoja anaamini karatasi ndiyo iliyopaswa kuzungumza.

Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliosimama nje. Hata baada ya siku ile ya mbuzi niliendelea kumletea mdogo wangu chakula na kungoja barazani. Mchana mmoja mkutubi akachungulia. "Dada, kwa nini unasimama juani kila siku?" Nikamwambia mimi si mwanafunzi, niliishia njiani. "Nimekuuliza habari ya jua," akasema, "sikukuuliza habari ya shule." Nikaingia. Nikakaa karibu na mdogo wangu, nikanukia samaki, hakuna aliyegeuka. Kila ninachoandika hapa kilianzia kwenye kiti kile, na yule mtoto wa meza ya sangara sasa ni mwalimu.

Jumamosi tulimzika Butiama. Padri alisema maneno mazuri, ndugu zake wakalia, na akina mama wa Kamunyonge walikuwepo na sufuria zao. Kiti chake chuoni bado hakijapata mtu, na nasikia tayari kuna anayenong'ona tena habari ya ukumbi wa kukodisha. Kwa hiyo somo langu leo ni fupi. Huduma haiwi huduma mpaka mtu mmoja amtazame mwenzake usoni na kumwambia aingie; na kwa kuwa aliyekuwa akituambia hayupo, nawaambia mimi. Nendeni maktaba ile wiki hii. Nendeni na jani la muhogo, na swali la mtoto, na barua ya ardhi msiyoielewa. Mlinzi akiuliza unatafuta kitabu gani, mwambie hujui bado, ndiyo maana unaingia.