Kama Ni Kukagua, Anzeni Hapa

Mimi ndiye bingwa wa mitungi upande huu wote wa Kibwezi, na anayebisha akaulize mawe ya njia ya mtoni. Miaka mitatu mfululizo nilishinda mbio za kikundi chetu cha akina mama. Unajaza mtungi wa lita ishirini kwenye visima vya mchangani, unaubeba mgongoni kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, kisha unakimbia kupanda mlima hadi uwanja wa shule ya msingi. Mlima ule nimeupanda nikiwa mjamzito. Nimeupanda nikiwa na malaria. Mwaka mmoja niliupanda kwa kasi hadi maji yakachemka.

Safari hii zawadi haikuwa blanketi. Ilikuwa tangi la maji la lita elfu moja, jeusi, linang'aa kama kiatu cha pasta. Nililitaka kuliko nilivyowahi kumtaka mume wangu, na yeye anajua.

Kisha rafiki yangu akajiandikisha.

Tulikutana kwenye masomo ya jioni, watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Yeye ni fundi wa nguo. Alipozaliwa aliitwa mvulana. Tangu nimjue anaishi kama mwanamke. Kijiji kizima kinajua, na kijiji kizima kinampelekea sare za shule na nguo za kwaya azishone. Hesabu za pembetatu alinifundisha yeye, kwa kunikunjia vipande vya kitambaa. Bila yeye, cheti cha kidato cha nne ningekionea kwa majirani.

Kwenye cherehani hakuna aliyemuuliza kitu. Alipoushika mtungi, maswali yakanyesha kuliko mvua ya Novemba.

Kikao kiliitwa. Mwenyekiti wetu, mama mwenye sauti ya kengele, akasema jambo ni rahisi: wanaotiliwa shaka waende kwa nesi wakakaguliwe. Mtu akauliza ni akina nani hao. Macho yakamwendea fundi, halafu, tafadhali usicheke, yakanigeukia mimi. Ni kweli nina mabega. Na nina ndevu tatu kidevuni, nazitunza.

Fundi alikuwa anaangalia viatu vyake. Akasema polepole kwamba anajitoa.

"Hujitoi," nikamwambia, na nikasimama. "Mwenyekiti, kama ni kukagua, anzeni hapa." Nikavua kitambaa cha kichwa.

Mwanamke aliyebeba maji tangu utotoni ana bonde kwenye paji la uso, mahali mukwa ulipokaa. Kwenye langu unaweza kuegesha yai. Nikamwomba fundi avue chake. Alisita, kisha akakifungua. Bonde lilikuwepo, la zamani kabisa. Akaeleza kwamba mama yake aliugua miguu na hakuwa na binti, basi yeye ndiye aliyeuchukua mukwa akiwa na miaka saba. Wavulana wenzake, ambao maji waliyabebesha punda, walimcheka hadi wakachoka. Mwenyekiti alipitisha kidole kwenye lile bonde, akakaa chini.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeshinda. Lakini kulikuwa na msichana mmoja, amemaliza shule juzi tu, anakimbia kila asubuhi barabara ikiwa bado na umande. Akaomba nafasi kwa adabu.

"Mama, alama ya mukwa si mapafu. Nimefanya mazoezi miezi minne. Nikipitwa na mtu aliyekua na mwili wa kiume, nitajuaje kama nimeshindwa au nimeonewa?"

Mimi husema hadi redio inanyamaza, lakini pale nilipunguza sauti. Nikamwambia hatajua. Miaka miwili mimi nimempita kwa mabega niliyopewa na baba yangu, na hilo pia hakuna aliyelipima.

"Hayo si mamoja, mama."

Labda si mamoja. Ninachojua ni kwamba hakuna mwanamke atakayevuliwa nguo kwa ajili ya tangi nikiwa nimekaa nikitazama. Nikatangaza kwamba fundi akitolewa, natoka naye, na mbio bila bingwa ni safari ya kuteka maji tu. Mikono ikainuliwa. Tukapita kwa tofauti ya kura mbili, nesi akaachiwa wagonjwa wake.

Fundi akashinda.

Alinipita mlimani, karibu na lango la shule. Kwa maringo nilikuwa nimefunga mukwa juu mno ili niweze kuwapungia watu mkono, mtungi ukaanza kuyumba. Labda hata ningeufunga vizuri angenipita. Msichana alikuja wa tatu na hakumpa fundi mkono. Sikumlaumu. Aliyefanya mazoezi miezi minne ana haki ya kununa.

Waliosema "si tuliwaambia" walikuwa wengi kama kumbikumbi. Mume wangu aliniambia tangi limeondoka kwa sababu ya mdomo wangu. Mwenyekiti naye alinivuta kando akaniuliza kama sasa nimebadili msimamo, maana nimeona kwa macho yangu.

Nikamwambia nimeona nimeshindwa, na kushindwa si ugonjwa wa kupelekwa kwa nesi.

Bado nateka maji mtoni. Fundi alinikaribisha nichote kwake, nikakataa. Tangi nitalipata kwa miguu yangu. Siku hizi nafanya mazoezi na mtungi uliojaa mchanga. Nimemwambia ajiandikishe mapema mwaka ujao, asinitoroke. Nataka kumpita mbele ya kila mtu aliyetaka avuliwe nguo.