Mshale wa Goti la Kulia

Sitawadanganya, mpaka leo nikikutana na mtu wa kwaya yetu pale sokoni Bahati najifanya nachagua vitunguu, maana siku ile waliona kila kitu, na nikisema kila kitu mnielewe hivyo.

Ilikuwa 2007, nimelazwa Nakuru nibadilishiwe sehemu ya mbele ya goti la kushoto (si goti lote jamani, ni pale chini ya kifuniko tu, palikuwa pameisha kabisa). Mimi mwalimu mzima nilikuwa nashuka ngazi za shule kinyumenyume, wanafunzi wakiniigiza, na daktari alikuwa anatoka Nairobi, ukimkosa hujui utampata lini. Asubuhi akanichorea mshale juu ya goti bovu, akasema, "Mwalimu, huu usiguswe."

Akatoka, kanisa likaingia. Mama Mchungaji, kwaya nzima, chupa ya chai na mafuta ya upako. Sasa wewe utamwambia Mama Mchungaji asiguse? Akamimina, akasugua, akakemea, na walipotoka kwenda kuimba koridoni mshale nao ulikuwa umeenda.

Hapo si ningeita nesi? Lakini nimechora ubaoni miaka yote, mshale utanishinda? Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na kalamu nene ya kuandikia magunia, nikaiomba, nikaijaribu kwanza kwa goti la kulia kuona kama inaandika (mazoea ya ualimu). Ikaandika vizuri sana! Kushoto, kwa hayo mafuta, ikakataa katakata. Nikafuta kulia kwa mate, kwa shuka, wapi! Nikajifunika shuka.

Tukielekea chumba cha upasuaji, daktari akasimamisha machela koridoni, akafunua shuka.

"Mwalimu, nilichora wapi?"

"Kushoto."

"Na huu wa kulia?"

"Huo... ni wa majaribio."

Hakucheka hata kidogo. "Mimi sikati mtu hivi. Shuka kwenye machela, upande hizo ngazi nione."

Nikapanda, goti la kushoto likalia kra, nikapiga yowe, nikakumbatia ukuta kwa mikono yote miwili, nikasahau kabisa kwamba gauni la hospitali halifungi nyuma. Kwaya ikakatika katikati ya wimbo. Mama Mchungaji akasema polepole, "Bwana asifiwe," na hakuna aliyeitikia.

Nilipozinduka nilipapasa magoti yote mawili kabla sijafungua macho. Bandeji ilikuwa kushoto, nikalia machozi, msinicheke. Sasa ngazi nashuka vizuri, lakini nimeapa: hata plasta ikining'oka siirudishi mwenyewe, naita nesi.