Taa ya Mafuta ya Mnyama

Madamu ninayemfanyia kazi za nyumbani hapa The Pearl, mtaa wa matajiri ng'ambo, ametoka nchi ya barafu. Jana aliwasha taa ya bibi yake, jiwe lililochongwa kama nusu mwezi, akatia mafuta ya sili, mnyama wa bahari za baridi.

"Hii ndiyo iliyokuwa jiko letu na joto letu," aliniambia. "Wanawake ndio walioilinda. Ikizimika, watoto wanaganda."

Harufu ile ilinirudisha utotoni. Mvua ilikuwa imeutia mchana giza, mama ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na mafuta ya taa yameisha. Bibi yangu, aliyekuwa akimzalisha, akayeyushia mafuta ya ng'ombe kwenye kisahani, akaweka utambi wa pamba, akanikabidhi.

"Ikizimika, sitaona pa kukata kitovu," alisema. "Usiangalie huku."

Nilikinga upepo kwa viganja. Utambi ulipozama niliuvuta kwa kidole, kikaungua, sikuthubutu kulia. Nyuma yangu mama akanyamaza.

"Bibi, mama amekufa?"

Mwali ukasinyaa ukawa kama punje ya mtama, nami nikabana pumzi nisije nikauzima.

Ndipo mtoto akalia.

"Geuka umwone mdogo wako," bibi alisema.

Sikugeuka. Niliukodolea macho mwali mpaka mama mwenyewe aliponiita, kwa sauti ndogo.