Kitenge cha ndoa

Nikisikia harufu ya naftalini, namkumbuka mke wa mkuu wa depo ya chakula ya kampuni, yule mwizi mnene. Bwana yake alificha unga wa wafanyakazi, haki ya baba yangu, na mwanamke huyo akauuza sokoni kwa meka, kopo alilolibonda chini ili lishike kidogo. Siku ya pili ya njaa, mama alimpa kitenge chake cha ndoa, bado kinanuka naftalini ya sanduku, akapata meka tatu za unga wetu wenyewe.

Jumapili mwanamke yule alikuja kwenye misa amekivaa, hata haya hana. Akamsimamisha mama mlangoni.

"Mama, hii kitenge iko muzuri, eh?"

Mama alikipapasa polepole.

"Iko muzuri sana, mama. Siye tulisha kuikula."